Boti Iliyooshwa kwa Maji ya Vuguvugu

Baba yangu hasikii vizuri sikio la kushoto, na la kulia ni la kubahatisha. Injini za boti ndizo zilizoyala. Mimi nina sauti ndogo kiasi kwamba mwalimu akinisimamisha darasani nijibu swali, wenzangu wa nyuma wanapiga kelele, "Volyumu!" Kwa hiyo ukitukuta mimi na Baba tumekaa pamoja kimya utadhani tumegombana. Hatujagombana. Mmoja hasikiki na mwingine hasikii, basi.

Tunakaa Kasulu, pembeni ya mji, kwenye mteremko. Ziwa Tanganyika liko mbali na sisi. Mpaka upande gari na kushuka milima ndipo ulione. Baba mwenyewe ni mzaliwa wa Titye, kwenye mashamba ya maharage na mihogo, na hakuna anayejua vizuri ilikuwaje mtoto wa Titye akawa mvuvi. Yeye anasema alimsindikiza binamu yake kwenda Kigoma kutafuta kazi. Binamu akarudi, yeye akabaki. Miaka yote amevua kwenye boti za watu, dagaa na migebuka, usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, samaki hawazifuati, basi wavuvi wanapumzika, na hapo ndipo Baba alipokuwa akija nyumbani. Kwa hiyo utotoni mwangu Baba alikuwa mtu wa mwezi mkubwa. Hata hizo siku chache sikuzifaidi, kwa sababu shule ya msingi nilisoma Kibondo, kwa mama mkubwa. Niliporudi Kasulu kuanza kidato cha kwanza, Baba alinipa mkono kama mgeni wa kutoka wilayani. "Karibu sana," akaniambia. Karibu nyumbani kwetu!

Sasa niko kidato cha tatu. Mwaka huu ziwa lilifungwa kwa muda ili samaki wazaliane, kama inavyofanyika siku hizi, na Baba akaja nyumbani na begi kubwa. Lile dogo la siku zote nililizoea. Begi kubwa sikujua nilifikirie nini. Nilifurahi, halafu nikaogopa, kwa sababu sikujua mtu anaongea nini na baba yake wiki baada ya wiki.

Jioni moja tukiwa tunakula alitangaza kwamba anataka kuunda boti yake.

Mama akaacha kumega. "Uiundie wapi?"

"Hapa."

"Hapa uani kwangu? Na vifaranga vyangu vitakaa wapi, chumbani kwako?"

Mama anafuga vifaranga, anavikuza hadi vinapokuwa na manyoya ya maana, kisha anauza. Uani kwetu kila kitu kinapangwa kufuatana na vifaranga.

"Itakaa upande ule," Baba akasema. "Ndogo tu. Ya plaiwudi na gundi. Mke wangu, boti ya mtu ina ratiba ya mtu. Nikiwa na yangu nitavua mchana kwa mishipi, karibu na nchi kavu. Nitarudi nyumbani nikitaka mimi, siyo mwezi ukitaka."

Mama akamega tonge, akalichovya, lakini hakulitia mdomoni.

"Na ukitaka usirudi?"

Baba akaendelea kula. Mpaka leo sijui kama alisikia. Lile swali liliniingia mimi. Nililala nalo. Mvuvi wa boti ya mtu anarudishwa nyumbani na mwezi. Mwenye boti yake anarudishwa na nini?

Boti yenyewe Baba aliiona kwenye simu. Ilikuwa video ya mzungu mmoja mzee aliyekuwa akiunda boti kwenye gereji yake, polepole, huku akiongea. Baba aliitazama mara nyingi mno bila kuelewa neno hata moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: kukaa naye kwenye benchi, kioo cha simu kimepasuka kama utando wa buibui, nimtafsirie.

"Huyu anasemaje hapa, mama?" Baba ananiita mama.

"Anasema mbao zishonwe kwanza kwa waya."

"Eh?"

"Zishonwe kwa waya."

"Sema kwa nguvu. Usiogope, simu si ya kuazima."

"ZISHONWE KWA WAYA!"

Ng'ambo ya ua wa minyaa jirani yetu akauliza, "Nini kishonwe?" Nikatamani kuingia chini ya benchi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupiga kelele nyumbani kwetu. Nikitoka shule namkuta Baba ameshika simu ananisubiri, bando limekaribia kuisha, nami napaza sauti mtaa mzima unajifunza kuunda boti. "TOBOA MATUNDU PEMBENI!" "USIKAZE WAYA MPAKA MWISHO!" Vijana wa bodaboda wa pale njiapanda walikuwa wakipita wanapunguza mwendo. "Mzee, gharika linaanza lini? Tuwekee nafasi na pikipiki zetu!" Na Mwislamu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwao ni pwani, Baba alipomwendea kuulizia gundi ya boti, ile ya dawa mbili za kuchanganya, alicheka mpaka akashika kaunta. "Boti? Kasulu? Lo! Mnakwenda kuvua maharage?" Lakini alipomaliza kucheka alimpigia mtoto wa dada yake Dar es Salaam, anayefanya kazi za boti za faiba, na baada ya siku kadhaa gundi ikaja kwa basi, makopo mawili, kubwa na dogo, pamoja na kitambaa cha faiba cha kufunikia mbao, kimeviringishwa kama mkeka.

Siku tuliyoshona ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ameshachora na kukata, na vipande vya plaiwudi vilikuwa vimelala uani bapa kabisa, havifanani na chochote. Alitoboa matundu pembeni, mimi nikapitisha waya wa kufungia nondo, yeye akasokota kwa koleo. Tundu kwa tundu. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu, mbao zinayumba huku na huku kama mlevi. Halafu Baba akaanza kukaza kuanzia mbele, taratibu, na zile bapa zikainuka zenyewe, zikapinda, zikakutana. Mchana ule ule kitu kilichokuwa kimelala kikawa na tumbo na mbavu na uso. Baba akaizunguka mara mbili. Akanitazama mimi, akatazama boti, akanitazama tena.

"Ona," akasema. "Tumeshona."

Alisema tumeshona. Nikaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu, kwa sababu uso wangu ulikuwa unafanya mambo yake.

Mama hakuja kuona. Alikuwa anaiita "hilo dude". "Hamishieni hilo dude lenu kule, naanika nguo." Alikasirika zaidi alipogundua nachekecha vumbi la mbao kwa chekecheo lake la unga, maana vumbi laini linachanganywa na gundi kuziba pale mbao zinapokutana. Akalinyakua, akalikung'uta, akasema ugali wa wiki hiyo tukiona una vipande vya mbao tusimuulize.

Tatizo lilikuwa baridi. Mtu asiyekaa huku anadhani Kigoma yote ni joto la ziwani. Kasulu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, watoto wanaenda shule wamevaa sweta na mikono wameificha kwapani. Tuliigeuza boti kifudifudi juu ya vigoda, Baba akaipaka gundi tumbo lote kwa brashi. Kesho yake bado inanata. Keshokutwa unagusa, kidole kinatoka na uzi kama wa asali. Nikatazama tena video.

"ANASEMA IPASHWE JOTO!"

"Eh?"

"HII GUNDI INATAKA JOTO, BABA! YEYE GEREJI YAKE INA JOTO!"

Baba akatazama mbinguni, mahali ambapo jua lilitakiwa liwepo. Akafunika boti na turubai, akaenda kumwona mgonjwa, shemeji yake wa upande wa Titye.

Mimi nilikuwa naosha vyombo, magharibi inaingia. Nikamwona Mama anatoka na jiko la mkaa, lile la vifaranga. Kila mfuga vifaranga wa huku anajua: kifaranga kikipigwa baridi kimekufa, kwa hiyo unawasha jiko, unasubiri makaa yawe mekundu, unaliweka katikati, unafunika na turubai pembeni, unabakiza upenyo kidogo wa hewa. Mama alifanya vile vile. Akaliingiza jiko chini ya boti, akashusha turubai, akalikandamiza na mawe pande zote. Akapitisha mkono kwenye upenyo kupima joto. Akaongeza makaa.

Akaniona namtazama.

"Nini? Kitu kichanga hakilali baridi," akasema, akaingia ndani.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa.

Asubuhi Baba alirudi, akafunua turubai akakuta imekauka! Ngumu kabisa, ukigonga inalia. Akaigonga na kuigonga. "Nani kafanya hivi?" Mama alikuwa anawapa vifaranga maji, akasema bila kugeuka, "Waulize hawa, ndio waliokuazima jiko lao." Baba akamwendea, akamwambia kitu kwa Kiha, lugha yao wakiwa wawili, na Mama akamsukuma na kiwiko. Mimi nilichelewa shule siku hiyo, nikapewa adhabu ya kuchota maji, na wala sikujali.

Tukaweka kitambaa cha faiba juu, tukakilowesha kwa gundi mpaka kikawa kama kioo. Jioni Mama akaleta jiko tena, safari hii hakujificha. Alikuwa anatoka kila mara kuangalia makaa. "Usifunge upenyo wote, itakosa pumzi," alimwambia Baba, naye Baba akafungua upenyo kama alivyoambiwa.

Siku ya tatu Baba alichukua kisu kukata kitambaa kilichozidi pembeni. Akavuta kipande kilichokatika. Kitambaa kikamfuata. Hakikukatika, kilimfuata chote, kikabanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka, kuanzia mbele mpaka katikati ya tumbo la boti. Chini yake gundi ya kwanza ilikuwa na ukungu mweupe. Nikapitisha kidole. Utelezi, mafuta, kama sahani iliyooshwa na mtu mvivu.

Baba akakaa juu ya kigoda. Akaweka kisu chini. Ziwa lilikuwa karibu kufunguliwa. Nahodha wake wa zamani alikuwa ameshampigia, tena nilikuwa mimi niliyempokelea simu: njoo, nafasi yako ipo, lakini haitakaa wazi. Bila boti, Baba alikuwa anarudi kule kule, kwenye taa za watu na mwezi wa watu. Nilikuwa nimeiogopa ile boti tangu swali la Mama. Pale, nikitazama kile kitambaa kinaning'inia, nilijua kwamba naitaka kuliko hata yeye.

Mama alitoka na bakuli la chakula cha vifaranga. Akaona.

"Ni mimi?" akauliza.

Baba akaendelea kutazama kitambaa.

"Ni mimi? NI LILE JIKO?"

"Sijui," Baba akasema.

Afadhali angesema ndiyo. Mama aliweka bakuli chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Vifaranga vikalia, vikalia, mpaka nikaenda kuvilisha mimi.

Baba akanishika bega. "Twende dukani."

Mwenye duka alimpigia tena yule mpwa wake. Baba hawezi simu, hasikii, basi simu ikapewa mimi, sauti imefunguliwa kabisa, duka limejaa watu wa misumari na saruji, na upande wa pili mwanaume nisiyemjua.

"Haya dada, niambie."

"Imebanduka," nikasema.

"Sikusikii dada."

"Imebanduka. Kitambaa kimebanduka. Chini kuna mafuta."

"Mlikaushaje?"

"Kwa joto."

"Joto la nini?"

Watu wote wa misumari walikuwa wananitazama. "La jiko," nikasema. "Jiko la mkaa. Tuliliweka chini tukafunika na turubai."

"Mkaa?" akauliza. Halafu akacheka, cheko refu, nami nikamchukia. "Jamani! Mmechoma nyama nyie! Sikiliza dada yangu. Hiyo gundi ikiwa mbichi haitaki moshi wala umande. Ukiifungia na mkaa inatoa jasho juu, kama mafuta. Sasa chochote utakachopaka juu ya hilo jasho hakishiki."

"Kwa hiyo imeharibika?"

"Nani kasema? Jasho linaoshwa. Hicho kitambaa bandueni chote, tupeni. Chukua maji ya vuguvugu, matupu, bila sabuni, sugua na dodoki mpaka utelezi uishe. Kausha. Piga msasa. Halafu mpake upya, mkisubiri jua. Au huko kwenu hakuna jua?"

"Huku jua linakuja kwa miadi," mwenye duka akamwambia, akarudi nyuma ya kaunta, akakata kipande cha kitambaa cha faiba kilichobaki kwenye ule mzigo wa Dar es Salaam na kumpa Baba.

Baba alikuwa ananitazama mdomo muda wote. "Anasemaje?"

"HAIJAHARIBIKA!" nikasema, na mtu mmoja aliyekuja kununua kitasa akapiga makofi.

Mama tulimkuta bado yuko ndani. Nilimwambia mlangoni, nikitumia sauti ile ile ya dukani kwa sababu ilikuwa imekataa kushuka. Nikasema maji ya vuguvugu, dodoki, bila sabuni. Mlango ukafunguka.

"Bila sabuni? Mafuta bila sabuni?"

"Ndivyo alivyosema."

"Watu wa pwani!" akasema, lakini alikuwa ameshachukua sufuria.

Alichemsha maji, akamwaga kwenye beseni, akaongeza ya baridi, akaingiza kiwiko kupima, kama anavyofanya akienda kumwogesha mtoto wa jirani. Akaongeza tena kidogo. Halafu akakunja kitenge magotini, akaanza. Alianzia mbele, kwenye pua ya boti. Alisugua kwa mviringo, akamwagia, akapitisha kiganja, akasikiliza kwa kiganja kama utelezi upo, akasugua tena. Baba akachukua dodoki lake. Mimi nikachukua langu. Maji yalikuwa yanaanguka chini na vifaranga vinakuja kunywa, Mama anavifukuza kwa mguu.

Tukafika katikati ya tumbo la boti. Kisha Baba, bila kumtazama, akasema, "Kumbe hukutaka ilale baridi."

"Nani alikwambia nilisema hivyo?"

"Binti yako."

"Huyu?" Mama akaacha kusugua. "Huyu huwa anasema?"

"Anapiga kelele huyu. Hujui tu."

Mama akacheka puani. Akachukua beseni kwenda kubadilisha maji. Tukabaki mimi na Baba, yeye upande ule wa boti na mimi upande huu, tunaonana vichwa. Sijui ni nini kilinipata. Nafikiri ni yale maji ya vuguvugu, au ni kwamba mtu akiwa na kazi mikononi mdomo unasahau kuogopa.

"Baba, sitaki uende," nikasema.

"Eh?"

"Sitaki uende."

"Sema kwa nguvu, mama."

Kuna maneno ambayo mtu amepanga kuyasema kwa kunong'ona maisha yake yote. Nikavuta pumzi.

"SITAKI UENDE!"

Redio ya jirani ikapunguzwa. Njiani pikipiki iliyokuwa inapita ikapunguza mwendo. Kutoka nyuma ya minyaa sauti ya jirani ikauliza, kwa adabu, "Mzee, umesikia au turudie?"

"Nimesikia, jirani," Baba akajibu. "Asante."

Alisugua pale pale alipokuwa anasugua, mahali palipokwisha takata zamani.

"Hata mimi sitaki," akasema. Kwa sauti ndogo, yeye ambaye huongea kama anashindana na injini. "Lakini huku juu sijui nifanye nini na mwili wangu, mama. Nikilima, jembe linanicheka. Nikikaa, mama yako ananizunguka kama kiti. Kule majini kitu kikivuta kamba, kabla hakijatoka najua ni nini. Unanielewa?"

Nikatikisa kichwa kwamba namwelewa. Nilikuwa namwelewa kwa kweli, kwa sababu ndivyo ninavyokuwa nikishika kalamu.

"Wewe sema," akaendelea. "Mimi sijawahi kuulizwa nirudi lini. Nikiwa na hii, naweza kupangiwa. Nirudi lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"ZOTE."

Alicheka hata dodoki likamdondoka. Mama aliporudi na maji mapya alimkuta bado anacheka, akauliza kuna nini, na jirani akamjibu kutoka kule kwake: "Amepangiwa Jumamosi!"

"Za nini?"

"Za kurudi nyumbani!"

Mama akaweka beseni chini. Akatazama upande wa Baba muda mrefu kidogo. "Mbona hapa bado kuna utelezi," akasema, na akaendelea kuosha.

Jua lilikuja, kwa miadi kweli, saa sita linachungulia, saa tisa linaaga. Tulipaka kidogo kidogo tukilivizia. Nilikuwa nikirudi shule naingia moja kwa moja kugusa. Kitambaa cha safari hii kilishika. Baba alijaribu kukivuta kwa koleo kikagoma. Tukakata ncha za waya zilizochomoza kwa ndani, tukapiga msasa mpaka nywele zetu zikawa nyeupe kama tumemwagiwa unga. Rangi alichagua Mama. Alisema bluu zimezidi, boti zote ni za bluu, mtu akiwa mbali utamjuaje? Akataka rangi ya chungwa. Mwenye duka alikuwa nayo kopo moja lililokataliwa na watu wote wa Kasulu.

Siku ya kuondoka lilikuja lori linalotoka Kibondo na magunia ya maharage kwenda Kigoma. Vijana wa bodaboda ndio walioibeba, wale wale wa gharika. Walijiandaa kama wanaobeba nyumba, wakainua, ikapaa wakashangaa wenyewe. "Mzee, hii ni boti au kikapu?" Mama alikuwa anawafuata nyuma anafoka: "Shikeni vizuri! Hiyo siyo ndoo!" Wakailaza juu ya magunia, ya rangi ya chungwa, inaonekana mpaka sokoni. Baba akapanda mbele kwa dereva. Hakunipa mkono kama mgeni. Aliweka kiganja chake kichwani kwangu, kikiwa bado na gundi iliyogoma kutoka, kikanishika nywele, ikabidi tukinasue wote wawili. Lori likaondoka. Mama alirudi uani akasimama pale boti ilipokuwa, penye nyasi za njano, kisha akahamishia vifaranga hapo hapo.

Niandike ukweli kuhusu Jumamosi ya kwanza. Niliamka mapema, nikafua sare, nikafagia mpaka nje ya ua, na nilikuwa najiambia simsubiri mtu. Mama naye alisonga ugali ambao watu wawili hawawezi kuumaliza. Hatukusema kwa nini. Mchana ukapita. Mabasi ya kutoka Kigoma yakapita. Giza likaingia, Mama akafunika ugali na sahani, akasema, "Labda upepo," nikasema, "Labda." Nikaenda kulala nikiwa na lile swali lake la siku ya kwanza kifuani, zito kama lilivyokuwa.

Jumapili tulipotoka kanisani tulimkuta amekaa kizingitini. Suruali ina magamba ya samaki, macho mekundu ya kukosa usingizi, mfuko wa migebuka uko miguuni. Alipotuona alisimama haraka. Kabla hata hatujasalimiana akasema, akinitazama mimi:

"Jana kulikuwa na upepo. Mawimbi yalikuwa makubwa, mama. Nilitoka majini saa mbili usiku, hakukuwa na gari."

Alisimama vile wanafunzi wanavyosimama getini kengele ikiwa imeshalia. Mama akapita katikati yetu na funguo, akafungua mlango, lakini hakuingia. Alikuwa anangoja kusikia nitasema nini.

Nikampokea mfuko. Ulikuwa mzito, umelowa chini.

"Waliochelewa wanachota maji," nikasema.

Baba akanitazama mdomoni, akafikiri kidogo, akaingia jikoni. Akatoka na ndoo mbili, akashuka nazo kwenda bombani.